Tilman Riemenschneider, Mchongaji wa Sanamu za Kanisa



Fundisho letu la leo lafuata lile la amri ya kwanza ya Mungu. Katika Kasongo na Kabambare, Wakristu wanakaa na ndugu zao Waislamu mlango kwa mlango tangu siku za Tippu Tip. Wanauziana mchele na mihogo, tena wanazikana. Basi si ajabu Mwislamu akimwuliza jirani yake: “Ninyi mwasema Mungu ni mmoja. Mbona mmesimamisha mtu wa mti kanisani, na mbele yake mwapiga magoti?” Mzee wa ukoo naye ana swali lake, nalo lina uchungu zaidi: “Tulipotaka ubatizo tuliambiwa tuzitoe nyumbani sanamu za wahenga wetu, tukazitoa. Kisha tukaingia kanisani, tukakuta sanamu nyingine. Tofauti iko wapi?”

Maswali haya hayajibiwi kwa hasira, wala kwa kusema tu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Wengi wanaojibu huanza na maneno ya vitabu. Sisi leo tutaanza na mtu mmoja, fundi wa mti na wa mawe, aliyetumia maisha yake yote kuchonga sanamu za makanisa. Jina lake ni Tilman Riemenschneider.

Alizaliwa Ujerumani karibu na mwaka 1460, katika mji wa Heiligenstadt, akakulia Osterode, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa nyumba ya kupigia sarafu. Katika nchi zile kijana hakujiita fundi kwa kupenda kwake. Alikaa kwanza miaka kadhaa nyumbani mwa bwana wa kazi, akifagia, akinoa vyuma, akitazama; kisha akasafiri mji kwa mji kujifunza kwa mabwana wengine. Mwaka 1483 Tilman alifika Würzburg, mji wa mizabibu kando ya mto Main, akapokewa katika chama cha mafundi kilichokuwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Luka. Miaka miwili baadaye alimwoa mjane wa fundi wa dhahabu, mwenye watoto watatu wa kiume, naye mwenyewe akawa bwana wa kazi. Alifiwa na wake watatu katika maisha yake, akaoa mara nne.

Mwaka 1491 baraza la mji lilimwagiza achonge Adamu na Eva kwa mawe, wasimame mlangoni pa kanisa la Bikira Maria. Ukumbukeni mwaka huo, kwani ni mwaka uleule ambao mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo, mbali magharibi yetu karibu na bahari, alibatizwa akapewa jina la João. Baada ya hapo wafua shaba wa Kongo wakaanza kutengeneza misalaba yenye sura ya Bwana Yezu, na mara nyingi uso wa Bwana katika misalaba hiyo ni uso wa mtu wa Kongo. Anayesema kwamba sanamu za Kanisa ni jambo la Wazungu lililofika juzi na aitazame misalaba ile, ambayo mingine ina umri wa miaka mia tatu na zaidi.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana katika vijiji vyetu wako watu wachongao ngoma, mitumbwi, michi na vinu, nao watamwelewa Tilman kuliko wasomi wengi.

Kwa sanamu kubwa za makanisa alitumia hasa mti ambao Wajerumani huuita Linde. Ni mti mwororo, wenye nyuzi laini zisizokatika ovyo chini ya patasi. Gogo lilipasuliwa, likalazwa juu ya meza nzito, wakalipunguza kwa shoka na tezo, kisha patasi na nyundo ya mti, na mwisho visu vidogo kwa macho, vidole na nywele. Lakini kila mchonga ngoma anajua kwamba gogo zima, likikauka, hupasuka: sehemu ya nje hukaza haraka, moyo wa mti hukataa kufuata, na ufa huanza. Basi sanamu ambayo ingesimama ikiegemea ukuta ilitobolewa mgongoni, moyo wa mti ukatolewa, ikabaki kama mtumbwi uliosimamishwa. Watu walitazama mbele wakaona mtakatifu. Nyuma palikuwa na uvungu. Tuyakumbuke hayo tunapofikiri habari za sanamu. Fundi aliyeitoboa kwa mkono wake mwenyewe hawezi kudanganyika akadhani kwamba ndani yake anakaa mungu.

Jambo la pili lilikuwa geni zaidi. Desturi ya siku zile ilikuwa kupaka sanamu rangi nyingi na dhahabu: nguo nyekundu, joho la bluu, mashavu mekundu, hata watu wasione mti hata kidogo. Mwaka 1492 Tilman alimaliza kazi kubwa kwa ajili ya altare ya Mtakatifu Maria Magdalena katika mji wa Münnerstadt, asiipake rangi hizo. Katika kazi za namna hii mti ulipewa dawa nyembamba tu ya kuulinda, yenye rangi ya kahawia, na macho na midomo vikaguswa kidogo kwa rangi. Mti ukaonekana kuwa mti. Watu wa Münnerstadt walivumilia miaka kumi na miwili, kisha wakamwita fundi mwingine mashuhuri, Veit Stoss, aipake rangi na dhahabu. Tuseme tu kwa kupita kwamba huyo Veit Stoss alikuwa amechomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto, kwa hukumu ya mji wa Nürnberg, kwa sababu alighushi hati ya deni. Mafundi wa kanisa nao ni watoto wa Adamu. Rangi ile iliondolewa baadaye. Na Maria Magdalena wa Tilman, anayeinuliwa na malaika, sasa amehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini München, mti wake ukionekana tena.

Kwa nini aliacha rangi? Wengine husema ni kwa sababu ya gharama, na hakika dhahabu ilikuwa ghali. Lakini mwenye kuzitazama kazi zake huona kwamba fundi huyu alitaka watu watazame uso. Pasipo rangi, jicho halina pa kuchezea. Huenda moja kwa moja kwenye mkunjo wa paji la uso na mkono unaotetemeka. Hata askofu mzee Rudolf von Scherenberg, aliyefariki mwaka 1495 na ambaye Tilman alimchongea kaburi katika kanisa kuu la Würzburg, hakufanywa kijana. Mashavu yameingia ndani, ngozi ya shingo imelegea. Ni mzee aliyechoka, naye yuko mbele ya Mungu.

Kazi ambayo mimi ningependa kila mwalimu wa katekisimu aijue iko katika mji wa Rothenburg, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Huko palikuwa na tone la divai iliyogeuzwa katika Misa, lililodondoka juu ya kitambaa cha altare na kuhifadhiwa kwa heshima kuu. Mahujaji walilijia kutoka mbali. Mwaka 1501 wakuu wa mji walipatana na Tilman achonge sanamu kwa ajili ya altare ya Damu Takatifu; seremala mwingine alikuwa amekwisha kuanza kuiunda nyumba ya mti ya kuzichukua sanamu hizo. Altare hiyo, pamoja na mapambo yake ya juu, hupata urefu wa meta 9 hivi, na nyuma ya sanamu pamewekwa vioo vidogo, hata mwanga wa mchana hupita kati ya vichwa vya Mitume.

Katikati ni Karamu ya Mwisho. Mngetazamia kumwona Bwana Yezu katikati kabisa, sivyo? Ndivyo walivyofanya wachoraji karibu wote. Tilman hakufanya hivyo. Anayesimama katikati, mbele ya wote, ni Yuda Iskarioti. Mkononi ameshika mfuko wa fedha. Bwana Yezu yuko kando kidogo, anamnyoshea tonge, kama isomwavyo katika Injili ya Yoane, sura ya 13. Mitume wengine wanageukiana, huyu anauliza, yule anashangaa. Yoane amelala juu ya Bwana wake. Na mmoja wa Mitume, katikati ya fadhaa hiyo yote, ananyosha kidole chini, mahali ambapo padri alikuwa akisimama na kusoma Misa.

Fikirini basi yule mhujaji, mkulima asiyejua kusoma, ametembea siku tatu, miguu ina vumbi. Amekuja kuiheshimu Damu ya Bwana na kumpokea katika Komunyo. Anainua macho, naye anamkuta mtu aliyemla Bwana kwa mdomo na kumwuza kwa mkono. Swali la Mitume, “Je, ni mimi, Bwana?”, linakuwa swali lake. Hakuna padri aliyesema neno. Ni sanamu iliyosema. Tena Yuda alichongwa peke yake, hata anaweza kuondolewa mahali pake, na akiondolewa, Yoane aliyelala kifuani pa Bwana huonekana wazi, na katikati hubaki wazi.

Hapo ndipo tunaweza kumjibu yule mzee wa ukoo. Tusianze kwa kuwadharau wazee wetu. Watu wa Maniema wanajua kuchonga. Walega, jirani zetu wa kaskazini, walichonga vinyago vidogo vya pembe na vya mti kwa ajili ya chama chao cha bwami. Na waliochunguza habari hizo kwa makini wamekuta kwamba vingi havikuwekwa ili viabudiwe, bali mwalimu alikishika kimoja mkononi na kwa njia yake akafundisha methali na adabu. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, bila kujisumbua sana kuuliza kinyago kipi kilifundisha nini. Mzee aliyelelewa katika mafundisho ya namna hiyo anaelewa tayari nusu ya jibu: kuna sanamu inayofundisha, na kuna sanamu inayoombwa mvua, uzazi au kifo cha adui. Eklezya inakataza hii ya pili, hata ikiwa imechongwa Ulaya, hata ikiwa ina sura ya mtakatifu. Mkristu anayeipaka mafuta sanamu ya Bikira Maria ili impe bahati katika biashara ametenda kosa lilelile alilolikana siku ya ubatizo.

Maandiko yenyewe yanaonyesha njia zote mbili. Mungu aliyekataza sanamu za kuabudiwa ndiye aliyemwagiza Musa atengeneze makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na nyoka wa shaba jangwani, ili walioumwa wamtazame wapone. Lakini miaka mingi baadaye, watu walipoanza kumfukizia ubani nyoka yule, mfalme Hezekia alimvunja vipandevipande. Nyoka hakubadilika. Mioyo ya watu ilibadilika.

Swali. Je, twaabudu sanamu?
Jibu. Hapana. Mungu peke yake ndiye tunayemwabudu. Heshima tunayoionyesha mbele ya sanamu yamwendea yule ambaye sanamu ni mfano wake.

Jibu hili si la jana. Mtakatifu Yoane wa Damasko alilieleza katika karne ya nane, naye alizaliwa katika mji uliotawaliwa na khalifa wa Waislamu, ambaye baba yake alimtumikia katika kazi za serikali. Aliishi kati ya Waislamu kama ninyi. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: zamani Mungu hakuwa na mwili, wala mtu hakuweza kumchora, lakini Neno alipofanyika mwili, akalala horini, akala, akalia, uso wake ulionekana na watu, na uso ulioonekana waweza kuchorwa. Mwaka 787 Mtaguso wa Nikea uliyathibitisha mafundisho hayo, na Mtaguso wa Trento ukayarudia mwezi wa Desemba 1563. Jirani yenu Mwislamu labda hatakubali, kwa kuwa hakubali kwamba Mungu alifanyika mtu. Hata hivyo ataona kwamba ubishi wenu hauhusu kipande cha mti; ni juu ya Yezu mwenyewe. Hapo mazungumzo huwa ya kweli, tena ya heshima.

Turudi kwa Tilman, kwani maisha yake hayakumalizika kwa amani.

Alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa: mwenye nyumba, mashamba ya mizabibu na wanafunzi wengi wa kazi, mwaka 1504 aliingia katika baraza la mji, na mwaka 1520 akawa mkuu wa mji. Mtawala wa nchi alikuwa askofu mwenyewe, Konrad von Thüngen, kwa maana siku zile maaskofu wengi wa Ujerumani walishika pia upanga na kodi. Mwaka 1525 wakulima waliasi. Walilemewa na kodi juu ya kodi, na kazi za bure katika mashamba ya mabwana. Walikatazwa kuwinda na kuvua katika misitu na mito ya nchi yao. Wajukuu wa wale waliolimishwa pamba kwa lazima hapa Maniema hawahitaji kuelezwa zaidi. Wengine kati ya waasi walitenda maovu, walichoma nyumba za watawa na kuvunja vitu vya makanisa. Hilo nalo ni kweli. Walipoufikia Würzburg, baraza la mji, Tilman akiwamo, lilikataa kuwapeleka raia kupigana nao, na mji ukawa upande wa wakulima. Askofu alikuwa ameondoka. Askari wake walikaa katika ngome ya Marienberg juu ya kilima, na wakulima hawakuweza kuiteka.

Mwezi wa Juni majeshi ya mabwana yaliwashinda wakulima, wakauawa kwa maelfu. Askofu akarudi. Wengi walikatwa vichwa. Mzee Tilman, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi, alifungwa katika ngome, akateswa na mnyongaji, na baada ya majuma manane hivi akaachiliwa mwezi wa Agosti, akiwa amenyang'anywa sehemu ya mali yake na kuondolewa katika baraza. Watu husimulia kwamba walimvunja mikono ili asichonge tena. Hakuna hati ya wakati ule isemayo hivyo, na mwaka 1527 aliajiriwa kutengeneza altare ya watawa wa Kitzingen, kwa hiyo tusilirudie simulizi hilo kama kweli. Lililo hakika latosha: mtu aliyemchongea askofu kaburi aliteswa katika nyumba ya askofu mwingine. Eklezya haipati faida kwa kulificha jambo hili. Tilman alifariki tarehe 7 Julai 1531. Mwanawe Jörg akamchongea jiwe la kaburi, likafunikwa na udongo na kusahauliwa hata mwaka 1822, wachimbaji walipolikuta karibu na kanisa kuu.

Kuna kazi yake nyingine, nayo ni ya kijijini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1384, karibu na Creglingen, mkulima mmoja alipokuwa akilima aliikuta Hostia katika mfuo wa jembe lake. Wenye nchi wakajenga kanisa mahali pale penye shamba. Humo, kati ya miaka 1505 na 1510 hivi, Tilman alisimamisha altare ya Kupalizwa mbinguni Bikira Maria, yenye milango miwili kama kabati kubwa. Mama wa Mungu anainuliwa na malaika. Chini yake Mitume wamebaki, nyuso juu, mmoja mmoja na huzuni yake. Pale chini kabisa, kati ya waalimu wanaomsikiliza Yezu mtoto hekaluni, yuko mtu mmoja mwenye kofia. Wengi hudhani ni Tilman mwenyewe.

Muda si mrefu baada ya hapo mji ule ulifuata mafundisho ya Luther. Mahali pengine sanamu zilichomwa moto. Hapa waliifunga tu ile milango miwili, wakaiacha. Ilikaa imefungwa miaka mia tatu hivi, hata mwaka 1832 ilipofunguliwa, nayo sanamu ilikuwa nzima. Makanisa hayo mawili, la Creglingen na la Rothenburg, yangali mikononi mwa Walutheri hata leo, nao wanayatunza vizuri. Watu wa mahali pale huonyesha jambo moja zaidi. Mwishoni mwa Agosti, saa za jioni, jua hupita katika dirisha la mviringo la magharibi na mwanga wake humwangukia Bikira Maria anayepaa. Sikukuu yenyewe ni tarehe 15. Lakini katika siku za Tilman kalenda ilikuwa nyuma ya jua kwa siku kumi, nayo haikusahihishwa hata mwaka 1582. Jua halikubadilisha desturi yake.